Kutunga Shairi kwa Utulivu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetunga mashairi ya arudhi, yaani yale yanayofuata kanuni za mizani na vina, au anayetamani kuanza kuyatunga, ambaye ana kazi ya mchana, ana familia, na anaishi katika mtaa usiolala mapema. Nimechagua shairi la arudhi kwa sababu linaonyesha waziwazi jinsi utulivu unavyoulea ubunifu: mizani, yaani hesabu ya silabi, ikizidi moja, sikio lililotulia hulitambua kosa papo hapo, na kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana na nyingine, kikilazimishwa, ubeti mzima hupoteza ladha. Anayeandika hadithi, anayebuni mavazi au anayetunga muziki anaweza kuzifuata hatua hizi akabadilisha vifaa tu.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa kuwa ndilo msingi wa yote yanayofuata. Utulivu peke yake hautungi shairi. Mtu anaweza kukaa ufukweni tangu alfajiri hadi adhuhuri akarudi nyumbani bila hata mshororo (mstari wa shairi) mmoja, ikiwa alikwenda huko bila neno lolote linalomkereketa. Utulivu humfaa aliyekwisha kuhangaika na jambo lake, akaligeuza huku na huku, akakwama. Mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré alilieleza hilo mwaka 1908 katika mhadhara alioutoa mjini Paris. Alikuwa ameshughulika na tatizo gumu la hisabati, akaliacha kwa muda ili ashiriki safari ya kijiolojia, na alipoweka mguu kwenye ngazi ya gari la abiria katika mji wa Coutances, wazo alilolikosa mezani likamjia ghafla, pasipo yeye kuwa akilifikiria. Alisisitiza kwamba mwangaza wa namna hiyo hauji ila baada ya siku kadhaa za juhudi zinazoonekana kupotea bure, na kwamba baada yake ni lazima mtu aketi tena kuhakiki. Mpangilio huo wa juhudi, kimya na uhakiki ndio ninaoufuata hapa chini.

Hatua ya kwanza: Ipe akili mzigo kabla ya kuipumzisha

Siku moja au mbili kabla ya kutafuta kimya, keti mezani na uandike kwa sentensi moja ya kawaida jambo ambalo shairi lako linataka kulisema. Sentensi hiyo iwe ya kweli na iwe mahususi. “Nataka kuandika kuhusu amani” haitoshi, lakini “nataka kusema kwamba baba yangu alinifundisha kunyamaza kabla ya kujibu” inatosha, kwa sababu ndani yake mna mtu, tendo na hisia. Kisha amua umbo. Je, utatunga utenzi wenye vipande vya mizani nane, au shairi la mishororo minne ambalo kila mshororo una mizani kumi na sita, nane za ukwapi (kipande cha kwanza) na nane za utao (kipande cha pili)? Amua pia vina vya kati na vya mwisho, hata kama utavibadilisha baadaye.

Baada ya hapo fanya kazi ambayo watunzi wengi wachanga huiruka, nayo ni kukusanya maneno. Tuseme umechagua kina cha kati kiwe “ma” na cha mwisho kiwe “za”. Chukua ukurasa mzima wa daftari, uugawe pande mbili, ujaze upande mmoja maneno kama hekima, salama, huruma, kisima, neema, heshima, nyuma, mapema, tazama, inama, koma na hama, na upande wa pili ujaze kiza, meza, baraza, muujiza, nyamaza, ongoza, pendeza, chomoza, liwaza na uliza. Utagundua kwamba upande wa “za” unajaa haraka kuliko wa “ma”, kwa sababu lugha yetu ina vitenzi vingi vya kufanyisha vinavyoishia hivyo. Wingi huo ni mtego. Mtunzi anayeegemea vitenzi vya kufanyisha pekee hupata vina ambavyo havikumgharimu chochote, na msikilizaji huchoka navyo ifikapo ubeti wa tatu. Kwa hiyo tafuta kwa bidii nomino, vielezi na majina ya vitu, hata kama itakubidi ufungue kamusi, na uyawekee alama maneno ambayo usingetarajia kuyakuta katika shairi la mada yako.

Mwishowe andika mishororo mibaya. Iandike kwa makusudi, mingi kadiri unavyoweza, bila kusahihisha, mpaka ufike mahali ambapo unajua unachotaka kusema lakini mizani haikubali. Hapo simama na ufunge daftari. Ni muhimu kusimama ukiwa bado una hamu, kwa sababu swali lililobaki wazi ndilo ambalo akili itaendelea kulifanyia kazi ukiwa sokoni, jikoni au kwenye foleni ya benki.

Hatua ya pili: Chagua saa moja na uilinde

Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kidogo tu. Hii ni neema ambayo watu wa nchi za mbali hawana, maana saa ya kimya haihami na misimu. Kati ya adhana ya alfajiri na wakati ambapo daladala na matatu zinaanza kugombania abiria, kuna kipindi ambacho hata mtaa wenye fujo hutulia. Nusu saa ya kipindi hicho, ikirudiwa kila siku, ina manufaa kuliko Jumamosi nzima inayopatikana mara moja kwa mwezi, kwa kuwa akili huizoea saa na hujiandaa yenyewe.

Hakuna sababu ya kungojea maisha yapungue shughuli. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 huko Vibambani karibu na Tanga, alikuwa mtumishi wa serikali kwa sehemu kubwa ya umri wake, akianzia idara ya forodha, na aliacha mashairi, tenzi na maandishi ya nathari ambayo bado tunayasoma.

Wanaofanya kazi za usiku, au walio na watoto wachanga, watachagua saa nyingine, pengine ile ambayo watoto wamelala mchana. Vyovyote itakavyokuwa, waambie watu wa nyumbani. Faragha ya mtunzi hugharamiwa na mtu mwingine, yule anayebaki akimbembeleza mtoto au akichemsha chai, na ni haki mtu huyo aombwe waziwazi na ashukuriwe. Nasikitika kuona jinsi jambo hili linavyosahaulika, hasa pale ambapo mume anajipatia saa yake ya kutunga na mke, ambaye huenda naye ana mashairi kifuani, hapati hata robo saa.

Hatua ya tatu: Chuja sauti, weka simu mbali

Kimya kamili hakipatikani mjini, na kwa bahati nzuri hakihitajiki. Kinachohitajika ni kuzijua sauti zinazoidhuru kazi yako. Majaribio mengi ya wanasaikolojia tangu miaka ya 1970 yameonyesha kwamba maneno yanayosemwa au kuimbwa karibu nasi huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi ya maneno, hata yakiwa katika lugha tusiyoielewa, na hata tukiwa tumeamua kutoyasikiliza. Kumbukumbu hiyo ndiyo anayoitumia mtunzi anapohesabu mizani huku ameshikilia kina akilini. Kwa hiyo redio inayoimba kwa sauti ya chini chumba cha pili inaweza kukuharibia ubeti kuliko mvua kubwa inayopiga bati, kwa sababu mvua, pamoja na kishindo chake chote, haina maneno. Feni, bahari, upepo katika minazi na hata mashine ya kusaga iliyo mbali kidogo ni majirani wanaovumilika. Televisheni na ugomvi wa mpangaji mwenzako ni majirani wabaya.

Nitaongeza tahadhari moja ili mtu asije akaabudu kimya. Mwaka 2012 Ravi Mehta na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sauti ya wastani, ya desibeli 70 hivi, iliwasaidia washiriki kubuni mawazo mapya kuliko sauti ya chini ya desibeli 50, ilhali sauti ya juu ya desibeli 85 iliwavuruga. Basi ikiwa wewe ni mtu ambaye mawazo humjia kwenye mkahawa wenye watu wengi, hujakosea. Fanyia hapo kazi ya hatua ya kwanza, ya kukusanya na kurundika, na uihifadhi saa ya kimya kwa ajili ya kusikiliza mizani.

Mahali pafaapo hapakosekani ukipatafuta: baraza kabla ya wazee hawajakusanyika, paa la ghorofa, kivuli cha mwembe nyuma ya nyumba, kanisa lisilo na ibada, ua wa msikiti kati ya sala na sala, chumba cha kusomea cha maktaba ya mkoa. Pakishakufaa, usipahame.

Simu izimwe na iachwe chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapoiacha shughuli moja na kuingia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa ikiwa haijakamilika. Ujumbe mmoja wa WhatsApp uliousoma alfajiri na kuuacha bila jibu ni shughuli ambayo haijakamilika, na utaketi nawe barazani hadi saa yako iishe. Kama unaitegemea simu ikuamshe, nunua saa ya mezani.

Hatua ya nne: Tuliza mwili, kisha uanze kwa ada ileile

Keti wima, miguu ikiwa chini, na upumue polepole kwa dakika chache, ukitoa pumzi kwa muda mrefu zaidi kuliko unavyoivuta. Mapigo ya moyo hupungua kasi kila tunapotoa pumzi, na ndiyo maana pumzi ndefu huutuliza mwili hata pale ambapo fikra bado zinarukaruka. Pumzi sita hivi kwa dakika zinafaa, lakini usihesabu kwa mkazo, maana hesabu itakuwa kazi nyingine.

Baada ya hapo fanya ada fupi, ileile kila siku. Watunzi wetu wa kale walilijua hili vizuri. Tenzi nyingi za pwani hufunguliwa kwa kumtaja Mungu na kumwomba, kisha kwa kuagiza wino, karatasi na kalamu, kana kwamba mtunzi anamkaribisha msikilizaji aone jinsi kazi inavyoandaliwa. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alianza kwa kumwita asogee karibu, kisha akamtaka achukue wino na karatasi. Mimi naamini kwamba beti hizo za ufunguzi zilimsaidia mtunzi kama zilivyomsaidia msikilizaji, kwa sababu zinampa muda wa kuingia katika mwendo wa mizani kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Ada yako inaweza kuwa dua, kufungua daftari ukurasa mpya na kuandika tarehe kwa mwandiko mzuri, au kughani, yaani kusoma kwa mahadhi, ubeti mmoja wa kale unaoupenda. Ughani kwa sauti ya chini, mara mbili, ili sikio liizoee mizani nane kabla hujaanza kuitafuta ya kwako.

Hatua ya tano: Kaa na neno bila kulikimbiza

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo huu, na ndipo watu wengi wanapokosa subira. Isome mara moja ile sentensi uliyoiandika katika hatua ya kwanza, kisha usiandike chochote. Kaa. Tazama kilichopo mbele yako: ukuta, mti, kuku anayechakura. Akili itaanza kutangatanga, nawe iache. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walieleza kwamba yapo maeneo ya ubongo yanayofanya kazi zaidi mtu anapokuwa ametulia bila jukumu maalumu, na ambayo shughuli zake hupungua mara mtu anapoelekeza fikra zake kwenye kazi ya nje. Maeneo hayo yamehusishwa na kukumbuka yaliyopita na kuwazia yajayo, mambo ambayo bila shaka ndiyo malighafi ya mshairi. Kwa hiyo dakika unazoziona kama za uvivu si za uvivu.

Dalili kwamba wakati wa kuandika umefika ni kusikia kipande cha mizani nane kikijirudia chenyewe kichwani. Usikiandike upesi. Kighani kwanza kwa mnong'ono na uhesabu kwa vidole. Tuchukue mfano wa mshororo huu wa kwanza:

Nimeamka mapema, jua bado kuchomoza

Ni-me-a-m-ka ni mizani tano, kwa kuwa “m” ya “amka” inasimama peke yake kama silabi, na ma-pe-ma ni tatu, jumla nane. Utao nao una nane. Sasa tuseme wazo la pili limekuja hivi: “Upepo nao umekoma”. Machoni linaonekana sawa, na mtu anayeandika kwa haraka huku redio ikiimba ataliacha lipite. Ukilighani katika kimya utasikia kwamba pumzi inakwisha kabla ya kipande kwisha, kwa sababu mizani ni tisa. Usikimbilie kufuta. Kaa nalo, ulirudie, na lugha yenyewe itakupa njia: “umekoma” inaweza kuwa “wakoma”, na mizani ikatimia bila wazo kuumia. Kwa mwendo huo ubeti unakamilika:

Nimeamka mapema, jua bado kuchomoza,
Upepo nao wakoma, majani yamenyamaza,
Neno lililonihama, leo laja lapendeza,
Nakaa nikitazama, kimya kimeniongoza.

Ubeti huu si wa ajabu, lakini unaonyesha kazi ilivyo. Kila neno la mwisho wa kipande lilitoka katika aina ya orodha tuliyoiandaa mapema, na utulivu ulifanya kazi ya kuchagua. Tazama pia kasoro yake: vina vinne vya mwisho vyote vimeletwa na vitenzi, jambo nililolionya hapo juu. Mtunzi makini angerudi kwenye orodha akatafuta pa kuiweka “baraza” au “kiza”.

Huenda siku nyingine kimya kikaleta mambo tofauti: deni, ugomvi wa jana, msiba ambao haujapoa. Ikitokea hivyo, yaandike mambo hayo katika ukurasa wa nyuma wa daftari kwa sentensi za kawaida, bila mizani, kisha urudi kwenye shairi. Kama yanarudi kila alfajiri na kukuzidi nguvu, acha kukaa peke yako kwa muda, ukazungumze na mtu unayemwamini au na mtaalamu wa afya. Utulivu unaokuumiza hauwezi kulea chochote, na shairi linaweza kusubiri.

Hatua ya sita: Ukikwama, nyanyuka

Ikiwa nusu saa imepita na mshororo haujakubali, usiulazimishe. Tembea. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba watu waliokuwa wakitembea walibuni matumizi mapya ya vitu vya kawaida kwa wingi kuliko walipokuwa wameketi, hata walipotembea ndani kwenye mashine ya mazoezi huku wakitazama ukuta mtupu, na kwamba faida hiyo iliendelea kwa muda mfupi baada ya kuketi tena. Charles Darwin alikuwa na njia yake ya kutembelea nyuma ya nyumba yake ya Down, huko Kent, Uingereza, ambako alizunguka karibu kila siku akiwaza. Mtunzi wa Buguruni au wa Kisauni hahitaji bustani ya namna hiyo. Njia ya kwenda kununua maziwa inatosha, mradi aende bila kuvaa vipokea sauti masikioni. Kufua, kupalilia na kuosha vyombo hufaa pia, kwa kuwa mikono inashughulika na akili inabaki huru.

Usingizi nao ni utulivu, na ni wenye nguvu kuliko yote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, Ullrich Wagner, Jan Born na wenzao wa Lübeck, Ujerumani, waliwapa watu hesabu zenye kanuni iliyofichika. Waliolala usiku baada ya kuzianza waliigundua kanuni hiyo kwa idadi iliyozidi mara mbili ya waliokesha. Itumie faida hii: kabla ya kulala, ghani ubeti uliokwama mara moja tu, zima taa, na uwe na daftari na kalamu mahali ambapo mkono utavipata gizani. Usiiamini kumbukumbu yako ya asubuhi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yametufikia kwa sababu baada ya miongo kadhaa Mwalimu Sikujua bin Abdallah alishirikiana na William Taylor kuyakusanya kwa waliokuwa bado wanayakumbuka.

Hatua ya saba: Rudi mezani, kisha urudi kwa watu

Uhakiki ufanywe mchana, ukiwa macho kabisa, na ufanywe kwa ukali. Hesabu upya kila kipande, ukiikumbuka “m” inayojitegemea katika maneno kama mtu, mti na amka. Angalia kama kuna neno lililowekwa kwa ajili ya kina tu, na ukilipata, liondoe hata kama ni zuri. Uangalie pia kama shairi bado linasema ile sentensi yako ya kwanza au limehamia kwenye jambo jingine. Likiwa limehama na jambo jipya ni bora, lifuate.

Baada ya uhakiki mtafute mtu mwenye sikio, awe mzee wa mtaani, mwalimu wa Kiswahili au rafiki mtunzi, na umghanie shairi zima bila kumpa karatasi. Mwombe akurudishie yale aliyoyakumbuka tu, kwa maneno yake mwenyewe. Huku ukighani, tia alama ndogo pembeni ya kila mahali ambapo sauti yako ilisita au uso wake ulionyesha kutoelewa, lakini usijitetee wala usieleze ulichokusudia. Kisha chukua mshororo mmoja tu kati ya hiyo iliyokwama, uuandike peke yake juu ya ukurasa mpya, na chini yake uorodheshe vina ulivyosalia navyo, ili kesho alfajiri uanzie hapo.